Kubuni "wanafunzi wa kuchora" kabla ya kupanga kozi: inasaidia ama ni makaratasi tu?

TichaWaMenengai – Jumatatu, saa 4:10 usiku

Wadau salama? Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Nakuru, chuo sitataja, nafundisha ile yuniti ya stadi za mawasiliano ambayo kila mtu wa mwaka wa kwanza lazima aipitie, awe wa kilimo, awe wa ualimu, awe wa kompyuta. Darasa linafika watu mia tatu na ukumbi una viti mia mbili na hamsini, hiyo hesabu piga mwenyewe.

Sasa idara imesema kozi ipangwe upya kabla ya Septemba, iwe jumuishi, na tulipelekwa semina ya siku mbili tukafundishwa kitu kinaitwa persona. Yaani kabla hujaandika mpango wa kozi unakaa chini unabuni wanafunzi wanne ama watano, kila mmoja unampa jina, umri, kwao ni wapi, analala wapi, simu yake ni ya aina gani, darasani anaogopa nini, halafu kila unachopanga unajiuliza, na huyu ataweza? Mimi nikaona hii ni kitu poa sana, nikaenda nyumbani nikakesha nikaandika wangu:

Achieng, 19, kwao ni kando ya ziwa, baba mvuvi, maskini, hana laptopu.
Kiprono, 20, mtulivu, anakimbia asubuhi, haongei darasani.
Wanjiku, 21, anauza nguo kwa simu, haonekani darasani.
Barasa, 34, mwalimu wa praimari, anasoma wakati wa likizo, anapenda chai na anaongea sana.
Samson, 20, haoni, anahitaji msaada.

Asubuhi nikamwonyesha mwenzangu tunayekaa ofisi moja, dada wa Busia, akasoma hadi mwisho akavua miwani akaniambia, "Wewe ulitumwa semina, umerudi na vichekesho vya makabila." Alicheka hadi machozi. Mimi sikucheka, manake niliangalia tena ile karatasi nikaona kweli hakuna hata mmoja hapo niliyemtoa kwa mwanafunzi niliyewahi kumfundisha, wote nimewatoa kwa kichwa changu, na kichwa changu ni vile mnakiona.

Kwa hivyo nauliza walio na uzoefu. Hii kitu inasaidia kweli ama ni fomu nyingine ya kujazia idara? Na kama inasaidia, habari za kumjaza huyo mtu wa kubuni mnazitoa wapi, na majina mnafanyaje hapa kwetu ambapo ukisema jina umeshasema kabila, kijiji na pengine hata chama?

---

omera_wa_kondele – Jumatatu, saa 4:52 usiku

Ticha pole lakini nimecheka pia 😂 Mimi nimezaliwa Dunga, baba yangu ni mvuvi hadi leo, na laptopu nilikuwa nayo mwaka wa kwanza, tena nilikuwa nakodisha kwa wenzangu wa Milimani, mtaa wa wenye pesa.

Mimi si mwalimu, natengeneza programu za simu hapa Kisumu, na persona sisi ndio tunazitumia kila siku kwa hivyo wacha niseme vile najua. Aliyeieneza ni Mmarekani mmoja, Alan Cooper, mtu wa programu, kwenye kitabu chake cha mwaka 1999. Shida aliyokuwa anapambana nayo ni hii: kwenye mkutano kila mtu anasema "mtumiaji anataka hivi", na huyo mtumiaji anavutika kama lastiki. Leo ni mjanja wa kompyuta kwa sababu mwenye programu anataka kuweka kitu kigumu, kesho ni mjinga hajui lolote kwa sababu mwenye programu amechoka. Sasa ukishampa jina na shida zake, lastiki inakatika. Huwezi kumvuta tena.

Na nyinyi walimu mnayo hiyo lastiki. Ni "mwanafunzi". Mwanafunzi ni mtu mzima ajipange (hapo hamtaki kuongeza siku za asaimenti), mwanafunzi ni mtoto lazima alindwe (hapo mnataka saini ya kila darasa).

Lakini kitu semina hawakukuambia, ama uliambiwa ukiwa kwa chai, persona haianzi na kubuni, inaanza na kuuliza watu. Unaongea na watu kumi, kumi na wawili, unaangalia ni nini kinajirudia, halafu ndio unabuni jina la kubeba yale uliyosikia. Kinachobuniwa ni jina peke yake bana. Wewe umeanza na jina, na jina la Kenya likishaingia linakuja na mizigo yake yote, lazima Kiprono akimbie.

Jaribu hivi: andika kwanza kinachomkwama mtu, jina liwe la mwisho kabisa. Na liwe la ubatizo tu, Faith, Brian, Mercy, hao wako kila kaunti. Ama hata usimpe jina, mpe namba.

---

nukta_sita – Jumanne, saa 12:35 asubuhi

Mwalimu shikamoo. Mimi ndiye Samson wako. (Na kusema ukweli, majina yote ya dunia, asiyeona ukampa la yule wa Biblia aliyetobolewa macho??)

Niko mwaka wa tatu kwa chuo kimoja upande wa Kakamega, sioni tangu utotoni, na nimesoma huo mstari wako mara mbili. Achieng ana baba, Wanjiku ana biashara, Barasa ana chai. Samson ana "anahitaji msaada". Msaada wa nini? Kuvuka barabara? Mimi navuka.

Wacha nikwambie kinachonikwama ili uandike hicho. Mhadhiri anachukua kitabu, anapiga picha kurasa, anaunganisha kuwa PDF, anatupa kwa kundi la WhatsApp saa tano usiku, "someni kwa ajili ya kesho". Mimi nafungua kwa laptopu, natumia NVDA, ni programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, na inaniambia hakuna kitu. Ukurasa mtupu. Kurasa arobaini tupu. Kwa sababu ile ni picha ya maneno, sio maneno. Basi naanza kutafuta mwenzangu anisomee, na huyo mwenzangu naye ana kazi yake, na kesho darasani mhadhiri anauliza mbona hatujasoma.

Sasa ukiandika noti zako kwa Word, na vichwa vya habari uvifanye kwa ile mitindo ya vichwa iliyo ndani ya Word yenyewe, sio kukoleza wino tu na kukuza herufi, mimi nabonyeza herufi H naruka kichwa hadi kichwa, sekunde chache niko mada ya nne. Kwako ni dakika mbili. Na yule mwenye simu ndogo ambaye PDF ya picha inamlia bando, faili ya maneno matupu ni nyepesi, hata yeye umemtoa shimoni. Unaona? Kwa persona zako mimi na Achieng tuko visanduku viwili tofauti lakini kinachotukwamisha ni faili moja.

Kingine. Usifanye asiyeona awe hana kitu kingine. Mimi pia huchelewa kulipa kodi ya nyumba, pia nina aibu ya kuongea mbele za watu, na hiyo aibu haihusiani na macho, ni tabia yangu tu. Semesta moja mhadhiri aliniondolea zoezi la hotuba "kwa sababu ya hali yangu", akadhani amenionea huruma. Nilitaka kuhutubu. Kwenye maksi za hotuba nikawekewa wastani.

---

mwalimu_wa_likizo – Jumanne, saa 7:20 mchana

Mimi ndiye Barasa sasa, ingawa ni mama wa watoto watatu huku Bungoma na chai sinywi, nina vidonda vya tumbo.

Nasoma ualimu kwa ule mpango wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, yaani shule ikifungwa watoto wanaenda nyumbani mwalimu anaenda kusoma. Mwandishi wa kozi akisema "mwanafunzi mkubwa" anafikiria kompyuta itanisumbua. Kompyuta naijua, matokeo ya shule yetu yote naingiza mimi. Kinachoniua ni asaimenti ya kundi. Tunawekwa watu sita, wenzangu watano wako hosteli, wanakubaliana wakutane saa tatu usiku chini ya ile taa ya maktaba, mimi saa tatu niko nyumba ya kupanga kilomita nne kutoka chuo, bodaboda usiku ni bei mbili, na mwanamke kutembea hiyo saa ni hadithi nyingine. Naomba nipewe sehemu yangu niandike peke yangu, wananiandikia kwa kundi "madam usijali tutaweka jina lako". Wanadhani wananisaidia na mimi nimelipa karo kujifunza!

Halafu Jumamosi. Kuna Wasabato wengi huku magharibi na Kisii na Nyanza yote, na CAT, ile mitihani midogo ya kozi, za mpango wa likizo zinapenda sana kuwekwa Jumamosi manake siku ni chache. Msabato anabaki kuandika barua, barua inapita meza tatu, anafanya mtihani wake peke yake wiki mbili baadaye akiwa amesahau nusu. Na Mwislamu wa darasa la jioni mwezi wa Ramadhani ni hivyo hivyo, saa kumi na mbili na nusu watu wanafuturu na mhadhiri ndio anapasha moto. Hawa hawana ulemavu wowote na kwa orodha yako hawapo.

---

MzeeWaChaki – Jumanne, saa 2:15 usiku

Vijana wangu, mimi nimefundisha takwimu miaka mingi, sasa nimestaafu niko Kisumu nafuga kuku. Niruhusuni niharibu sherehe.

Persona ni uvivu uliovaa suti. Mwanafunzi yuko hapo mlangoni, amesimama kwa sababu viti vimeisha, na wewe unaenda nyumbani kumchora! Muulize.

Nawapa kisa. Jeshi la anga la Marekani, baada ya vita vya pili, ndege zilikuwa zinawashinda marubani na watu wanakufa. Wakafikiri labda kiti cha rubani kilichopimwa kwa mtu wa wastani kimepitwa na wakati, wakaenda kupima upya. Kijana mmoja, Gilbert Daniels, akachukua vipimo vya marubani 4,063, akachagua vipimo kumi vya mwili, kimo, kifua, mkono na kadhalika, akauliza: ni wangapi walio karibu na wastani kwa vyote kumi? Ripoti ikatoka 1952. Jibu ni sufuri. Hakuna hata mmoja. Kiti kilichotengenezewa kila mtu kilikuwa hakimtoshi yeyote.

Sasa walifanya nini? Hawakuchora marubani watano na kuwapa majina. Walitaka kiti kinachosogea, mikanda inayorekebishika, basi. Na hii kitu mnaita muundo wa kujifunza kwa wote, ya hao CAST, shirika la elimu la Marekani lililoanza 1984, ukiisoma vizuri ni kile kiti tu: somo lipatikane kwa njia zaidi ya moja, mtu aonyeshe anachojua kwa njia zaidi ya moja, na awe na zaidi ya sababu moja ya kutaka kusoma. Tengeneza kiti kisogee kwa wote. Hutahitaji Achieng wala Samson.

---

omera_wa_kondele – Jumanne, saa 2:31 usiku

Mzee heshima yako, lakini kiti kinasogea hadi wapi? Fundi lazima aambiwe mfupi kabisa ni nani na mrefu kabisa ni nani, la sivyo atatengeneza cha kusogea inchi mbili aseme kazi imeisha. Mimi naona persona ni hao wa pembeni. Hatumchori wa katikati, wa katikati wewe mwenyewe umesema hayupo.

---

MzeeWaChaki – Jumanne, saa 2:40 usiku

Hapo umenipata kidogo. Lakini bado aulize kwanza.

---

mikono_inaongea – Jumatano, saa 5:05 asubuhi

Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara, nimefanya kazi na wanafunzi viziwi vyuo viwili huku magharibi. Sina mengi. Ticha ukimweka kiziwi kwa orodha yako usiishie kuandika "mkalimani atakuwepo", maanake watu wakishaandika hivyo wanadhani imeisha.

Angalia dakika moja ya lekcha. Mhadhiri anaweka slaidi mpya na papo hapo anaanza kueleza. Wewe unayesikia macho yako yako kwa slaidi, masikio kwa mhadhiri. Kiziwi ana macho tu. Akiniangalia mimi slaidi inampita, akiangalia slaidi mikono yangu inampita, na noti za kuandika je, ataandika akiangalia nini? Mhadhiri akinyamaza sekunde ishirini baada ya kubadilisha slaidi, acha watu wasome, ndio aanze, tatizo kubwa limeisha na hajalipa shilingi. Na wengine wote mia tatu wanapata kuandika.

Pia hiyo ni yuniti ya mawasiliano, inasahihisha Kiingereza. Lugha ya ishara ya Kenya ina sarufi yake, mpangilio wa maneno sio ule wa Kiingereza, kwa hivyo kiziwi wako Kiingereza kwake ni lugha ya kigeni kabisa hata kama shule amesomea hapa hapa. Ukimkata maksi nane kwa viambishi hujapima mawasiliano yake.

---

TichaWaMenengai – Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimerudi. Asanteni wote, na nukta_sita marahaba, samahani sana kwa lile jina, walahi halikunijia kichwani.

Wiki yote nimefanya vile mlisema. Sikuwa na muda wa intavyu kumi na mbili lakini nilifanya hivi: nilifungua meseji zote za mwaka jana za watu wakiomba kuongezewa siku, nikaandika sababu peke yake bila jina. Kisha nikaongea na rep wa darasa, nikaongea na mama wa maktaba, na mtu aliyenisaidia kuliko wote ni jamaa wa fotokopi hapo getini. Huyo anajua kila kitu. Ananiambia, "Ticha, noti zako watu wanaprinti kurasa nne kwa moja, ndogo ndogo, halafu wanarudi kuniuliza kama nina miwani." Nilidhani wote wanasomea kwa simu. Nilipofika kwa mambo ya magonjwa niliacha nje chochote kinachoweza kuonyesha ni nani, kuna kijana mmoja na hali yake ya seli mundu idara nzima inamjua, nikiandika hivyo tu nimemtaja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu afya ya mtu kuwa data nyeti.

Halafu kukawa na hivi vikwazo kama kumi na saba, kila kimoja kwa kikaratasi chake. Nikaviweka kwa sufuria ya ugali, binti yangu wa miaka tisa akachomoa vitatu vitatu. Hapo ndio nilielewa nukta_sita alikuwa anasema nini. Alitoka mtu asiyesikia, asiyefanya mtihani Jumamosi, na anayefanya kazi ya usiku ya ulinzi. Mwingine ana laptopu nzuri, pesa anazo, ila ananyonyesha na hakuna pa kumwacha mtoto. Mwingine herufi ndogo hazioni, anaishi mbali, na ni mchekeshaji hawezi kunyamaza (hicho kikaratasi binti yangu alikiongeza mwenyewe nikakiacha). Mimi peke yangu singewahi kuwabuni hawa. Majina nikaweka mwisho, Mercy, Brian, Faith, Dennis, na yule wa mwisho hana jina, mwenzangu wa Busia amekataa tumpe, anasema akipewa tutaanza tena.

Nikachukua asaimenti moja tu, ile ya kundi, nikawapitisha wote watano hatua kwa hatua kwa karatasi kubwa ukutani: anapata habari vipi, anakutana na wenzake wapi saa ngapi, anaandikia kwa nini, anatuma vipi. Kila anayekwama nachora msalaba mwekundu. Nilitarajia misalaba itatapakaa. Mitano yote ilijaa sehemu moja, kutuma kwa mtandao Jumapili kabla ya saa sita usiku. Brian yuko zamu, Mercy hana bando, Faith stima imepotea kwao, Dennis ametoka kanisani jana ndio ameanza leo, na yule asiye na jina amelala na mtoto. Hiyo dedlaini niliirithi kwa aliyenitangulia, sijui hata yeye aliitoa wapi.

Nimeihamisha iwe Jumatano darasani, unaweza kuleta karatasi, unaweza kutuma, unaweza kurekodi sauti dakika tano. Makundi ni watu watatu badala ya sita na moja ya siku za kukutana iko ndani ya saa ya darasa. Hotuba inabaki kwa wote, hakuna anayeondolewa ila aombe mwenyewe. Slaidi, sekunde ishirini, nimejaribu mbele ya kioo, ni ndefu kuliko mnavyodhani!

Mzee wa Chaki, kuuliza nitauliza, wiki ya kwanza kila mtu anapata kikaratasi bila jina, maswali manne, halafu Mercy na wenzake tutawafuta ama tutawarekebisha kulingana na majibu. Sasa nabakia na idara, wanataka persona ziwe na picha. Nimekataa picha, mkuu anasema fomu ina nafasi ya picha.

---

MzeeWaChaki – Jumapili, saa 3:48 usiku

Weka picha ya kiti.

---

nukta_sita – Jumapili, saa 4:02 usiku

😂😂 Mwalimu, huo mpango wa kozi ukiisha nitumie niupitie, nina likizo ya wiki mbili. Lakini tafadhali usiuskani.